Beji Mia Sita

Sajini wa ghala alitoka kambini Lanet siku ya Jumatatu,
akaniwekea mezani kiroba cha vitambaa na karatasi ya vipimo:
beji mia sita, ngao nyeusi, nyota tano,
kila nyota na rangi ya taifa lake.
Ile ya tano, akasema, ni ya wale waliovamiwa,
tunaokwenda kuwakomboa.
"Jumamosi, Mama Nekoye. Malori hayangoji."

Mimi vita sivijui. Najua mshono.
Najua bega la askari hupanda akiinua bunduki,
kwa hiyo beji ikae vidole vitatu chini,
la sivyo itakunjamana
kama uso wa mtu aliyeonja shubiri.

Wiki ile Nakuru ilijaa lafudhi.
Vijana wa majeshi manne walipanga foleni dukani kwa Kiptui,
wakiitisha sabuni ile ile kwa namna nne,
wakibishana kama majani ya muhogo
ni mboga ya watu au lishe ya mbuzi.
Walipatana jambo moja tu:
baridi ya Lanet, saa kumi na moja alfajiri,
ndiyo adui wa kwanza.

Nikashona.
Alhamisi usiku karai lilikuwa limejaa pomoni,
ndipo Muzaliwa, mshona viatu wa mlango wa pili,
aliyefika hapa na mfuko mmoja na mtoto mgongoni,
akaingia kuazima mkasi.
Akaokota beji. Akaisogeza kwenye balbu.
"Mama, hii rangi haiko ya kwetu."
"Ni kijani. Karatasi imesema kijani."
"Kijani ya kwetu iko ya jani la mgomba lenye halijafunguka.
Hii iko ya chupa ya bia."
Akairudisha kwenye karai polepole,
kama mtu arudishaye yai chini ya kuku,
akachukua mkasi, akaenda zake.

Nilikasirika, sitaficha.
Nani ataitazama nyota ndogo kuliko kifungo cha shati
wakati risasi inatafuta kichwa?
Hata hivyo nikampigia sajini.
Akacheka. "Bajeti imefungwa, mama.
Hao hata ikulu hawana. Nani atalalamika?"

Neno hilo ndilo lililonifumua.
Nami nikashika wembe, nikaanza kufumua nyota.

Alfajiri nilimwamsha mwenye duka la nyuzi.
Muzaliwa alikataa kibiringo cha kwanza,
akakataa cha pili,
cha tatu akakishika, akanyamaza.
Sikumwuliza tena.

Alifumua yeye, nikashona mimi,
mchana kutwa na usiku, mguu wangu ukifa ganzi juu ya pedali.
Malori yalipopiga honi tulikuwa tumefikia mia nne na kumi na mbili.
Mia moja themanini na nane
zilikwenda vitani na kijani cha chupa.

Msafara ulipita mjini ukiwa umewasha taa mchana,
ukashika barabara ya kupanda Mau Summit.
Wauza karoti walipunga leso.
Muzaliwa alisimama na kiatu cha mtu mkononi,
akihesabu mabega, nadhani,
ingawa kwa mwendo ule
hakuna jicho linaloweza kutofautisha kijani na kijani.

Miezi saba baadaye Koplo Ekidor aliniletea shati.
Mkono umechanika hadi kiwikoni, una harufu ya moshi wa mpira.
Kabla sijaona tundu, niliiona nyota.
Ilikuwa ya chupa.

"Kuna bibi kule," akasema, akiangalia nje,
"tulifika kwake na kiu. Akanishika hapa, begani,
akauliza nyota hii ni ya nani.
Nikamwambia, ni yenu.
Akatikisa kichwa."

Cherehani ya jirani ilinguruma, ikanyamaza.

"Akatupa maji hata hivyo."

Sikumjibu. Nilivuta droo ya chini
na kupapasa nyuma ya mikasi.
Uzi ulikuwa umebaki.